Mwaka Ambao Chuo Kilimchukua Sefu

Habari ya kifo cha Sefu ilinikuta barazani kwangu hapa Kibiti nikifumua pindo la kanzu. Mwenye kanzu alikuwa ameridhika nalo. Mimi ndiye sikuridhika. Hivyo ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa tangu ujana: kazi yangu ikiwa na doa asiloliona mtu, mimi naliona hata nikifumba macho. Mchuuzi wa kamba wakavu alitua pakacha lake, akaniamkia, akasema, "Mzee, rafiki yako wa Kiongoroni hatunaye tena. Tumemzika jana." Nikasema yale yasemwayo, nikamkaribisha maji, nikarudia pindo langu. Sindano haikuingia. Nilijaribu, nikajaribu, kisha nikaikunja kanzu ya watu nikaiweka kando, na jambo nililoona mbele yangu halikuwa uso wa Sefu bali kofia nyekundu. Nina mvi kichwa kizima, nina wajukuu, na bado niliiona ile kofia nikawaza, kabla sijamwombea maiti dua hata moja: ile ilikuwa yangu.

Nasaba yangu haina haja hapa. Yatosha kusema nilizaliwa Ngorongo, bondeni, nikalelewa na baba yangu mdogo, na nilipoanza kuota ndevu nikapelekwa kwa shangazi yangu Kiongoroni, kule mto unakokwisha na bahari inakoanza, nikate mikoko pamoja na vijana wengine. Shangazi tukimwita Bi Mwana. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, kuta za udongo juu ya fito za mkandaa, na sakafu ambayo haikukauka vizuri mwaka mzima. Chumba changu kilinukia chumvi na magome. Ukuta uliotenga chumba changu na ukumbi haukufika juu, kwa hiyo kila lililosemwa ukumbini nililisikia, na mengi ya maisha yangu nimeyajua kwa njia hiyo, nimelala chali nikitazama makuti.

Kurani nilikuwa nimesoma, lakini herufi za Kizungu hakuna aliyenifundisha. Wadachi walikuwa wakichoma alama kwenye vichwa vya boriti kabla ya kuzipakia, na makasha ya mafuta ya taa yalikuwa na maneno ubavuni. Nikaanza kuzinakili kwa kijiti kwenye tope, maji yakiwa yametoka. Tope la Kiongoroni ni laini kama unga uliokandwa, linapokea kila kitu. Nilipenda kwamba maji yakirudi yanafuta, maana hakuna mtu angeona makosa yangu isipokuwa mimi na kaa. Herufi ikipinda nilifuta mstari mzima nikaanza upya. Sefu, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alizaliwa palepale na alijua kila mkondo, akaja kunicheka. "Weye wamwandikia nani? Chewa?" Kisha akachutama, akauliza ile ya duara yaitwaje. Nikamfundisha. Aliandika kama kuku anayechakura, na haikumsumbua kabisa. Alikuwa akisema, "Si umeisoma? Basi imeandikwa."

Mwaka ule, kabla mambo ya milimani hayajatufikia, alikuja Mwalimu Kheri. Alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, mnene, mpole, ametumwa na chuo cha Wadachi kutafuta vijana wa kufundishwa ukarani. Mashua yake ilikwama kwa ajili ya tanga bovu, naye akafikia kwetu, kwa sababu nyumba ya Bi Mwana ndiyo iliyokuwa na kitanda cha ziada. Shangazi alimpikia wali wa mpunga mpya, kamba wa nazi, na siku moja kaa wakubwa ambao Mwalimu aliwala akiwa amekunja mikono ya kanzu mpaka kwapani, akicheka peke yake kwa raha. Mimi sikuweza kula. Nilikaa nikiangalia vidole vyake, nikiwaza ni lini ataniuliza, na nikijibu ndani ya kichwa changu maswali ambayo hakuyauliza.

Siku aliyoniuliza, alikuwapo na Mdachi mmoja wa misitu, ameketi juu ya kasha, haongei. Mwalimu alinipa karatasi nisome, nikasoma. Akanipa kalamu niandike, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kalamu ya chuma. Nikaomba ruhusa ya kuandika tena kwa sababu wino ulidondoka. Mwalimu akasema, "Hapana haja, kijana, hii inatosha," nami nikaomba tena, mpaka Mdachi akatabasamu. Ndipo yeye mwenyewe akaniuliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Kwenu wapi?" Swali dogo. Nilitaka kulijibu kikamilifu. Nikasema, "Kwetu Ngorongo, bwana. Nimezaliwa Ngorongo, ndugu zangu wote wako huko. Hapa nakaa kwa shangazi." Akaitikia kwa kichwa. Sefu aliyenifuata aliulizwa lilelile, akajibu, "Papa hapa," akasukuma kidole chini kama mtu anayepanda mbegu, na Mwalimu akacheka.

Baada ya hapo dalili zilikuja moja baada ya nyingine, na mimi nilizikusanya zote. Mwalimu alinisimamisha ukumbini akanipima mabega kwa shubiri, akasema kanzu za chuo huwa fupi kwa watu warefu, ataniombea refu. Akanivika kofia yake mwenyewe, ile nyekundu ya chuo yenye kishada, akanigeuza kichwa huku na huku. "Kichwa kikubwa," akasema, "kitahitaji kofia kubwa." Akaniambia nije na jamvi langu tu, mengine yapo. Na siku moja, nikiwa nimelala chumbani, nikamsikia akizungumza na nahodha wake. Nahodha aliuliza wangapi watatoka hapa. "Yule wa Bi Mwana ndiye wa kwanza," alisema Mwalimu. "Na yule mcheshi?" "Yule tutaona."

Kwa Bi Mwana mambo yalikuwa yamekwisha tangu mapema zaidi, kwa dalili yake mwenyewe. Kwetu mtu akija kuposa, hutolewa chakula, kisha huletewa tambuu. Akiitafuna ile ya kwanza, hiyo ni heshima tu. Akiomba mwenyewe ya pili, basi neno limekubaliwa pande zote mbili, na atakayerudi nyuma ni juu yake kuja kukaa kitako na kusema kwa mdomo wake. Mwalimu Kheri aliomba ya pili, akaomba na ya tatu. Yeye aliipenda tambuu, ndiyo habari yote. Lakini shangazi alitoka uani akiwa amejifunga kanga upya kama mwenye harusi, akawaambia jirani zake, "Mwanangu ameposwa na chuo."

"Mahari yatatoka lini?" akauliza mmoja, wakacheka.

"Chekeni. Akirudi karani mtakuja kwangu mmeinama."

Mashua ikatengenezwa, Mwalimu akaondoka, akaahidi kurudi na chombo kikubwa baada ya mavuno. Watu wakaanza kuniita Bwana Karani. Wakataji wenzangu walinikataza kushika shoka. "Utaharibu mkono wa serikali," walisema, kisha wakanibebesha boriti nzito kuliko zao. Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sijawahi kuwa na hofu kama ile. Nilikuwa nikiuma kucha mpaka damu, kisha nikiogopa kwamba Mwalimu akirudi ataona vidole vyangu.

Katika kungoja huko ndipo habari za maji zilipoanza kushuka na mto. Watu walikuja wakisema kuna dawa, ukinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Walisema huko milima ya Matumbi pamba ya serikali imeng'olewa. Walisema bondeni watu wamekwenda kundi kwa kundi kuichukua dawa, Ngorongo pia. Ukumbini kwa shangazi wazee walibishana kwa sauti za chini. Mmoja alisema dawa ni dawa. Mwingine alisema yeye amemwona Mdachi akimpiga kiboko risasi ng'ambo ya mto, nayo ilimwingia yule mnyama kama kisu kwenye papai. Mimi nilisikiliza yote nikiwa chali, na jambo moja tu liliniumiza: je, chombo kitachelewa?

Hakikuchelewa. Kilikuja na askari ndani. Mwalimu Kheri hakufika nyumbani. Alisimama mbele ya banda la boriti, kofia nyekundu kichwani, njia ya kwetu ameipa mgongo. Nilikuwa nimekwisha kuoga, nimeshika jamvi. Aliita jina la kijana mmoja kutoka kijiji cha pili, akaita la mwingine. Akaita Sefu. Sefu alinitazama akinyoosha shingo, kama anayesema, nawe sogea. Mwalimu akasema, "Basi. Hao ndio." Nilidhani amesahau, nikasogea mbele nikasimama pale atakaponiona. Aliniona. Akasema, "Nafasi zimejaa, mwanangu," akageuka kusema na nahodha. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Nilirudi nyumbani nikatandika lile jamvi nikalala juu yake mchana kweupe. Nikasikia kanga ya shangazi ikipita, mlango, kisha kimya. Alikuwa amekwenda bandani. Walioona walinisimulia baadaye. Alisimama baina ya Mwalimu na askari, mwanamke mfupi mwenye mikono ya unga, akasema, "Mwalimu, umetafuna kwangu tambuu tatu. Kama neno umelivunja, njoo ukae kitako ulivunje. Hapa kwenye matope halivunjiki." Askari alimwambia aondoke. Mwalimu akasema, "Mwache, ana haki."

Akaja. Shangazi alimpakulia chakula kana kwamba hakuna lililotokea: wali, samaki wa kukaanga, kachumbari ya embe bichi. Mwalimu alikula matonge machache, akanawa. Tambuu haikuletwa. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na nilimwona akiangalia pale ambapo kisahani cha tambuu huwekwa.

"Sema sasa," alisema Bi Mwana.

"Bi Mwana, ingekuwa shauri langu, kijana huyu ningemchukua kabla ya wote. Lakini imekuja amri. Chuo hakitaki kijana aliye na ndugu upande wa maji."

"Huyu anakaa kwangu. Kwangu ni hapa. Maji gani?"

"Alimjibu Mdachi mwenyewe. Ngorongo. Ndugu zake wote."

"Alijibu kitoto. Mwambie Mdachi alijibu kitoto."

"Mdachi amekumbuka," alisema Mwalimu. "Kijana aliyejibu vizuri hivyo hasahauliki."

Nikauliza, na sauti yangu ilitoka nyembamba, "Mwandiko wangu una kosa gani?"

Akanigeukia. "Hauna kosa."

"Nilidondosha wino."

"Huna kosa, mwanangu. Mwandiko wako ni bora kuliko wa wengine wote."

Nadhani alitaka kunipa kitu cha kubaki nacho. Lakini mtu wa aina yangu hawezi kuishi na neno lile. Kosa ningelirekebisha. Angeniambia herufi fulani imelala, ningeiandika mwaka mzima mpaka isimame. Akainuka, akamwomba shangazi radhi, na shangazi akamjibu, "Umekuja, umesema. Nenda salama." Alipofika mlangoni alinishika bega, palepale alipopima kwa shubiri. Jioni ile chombo kikatoka na Sefu ndani, akipunga mkono kwa kila mtu mpaka wakapinda mkondo.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoiona nikifumba macho. Sikumwamini Mwalimu. Nilijiaminisha kwamba habari ya Ngorongo ni kisingizio cha huruma, na kwamba kuna kasoro waliyoiona wakanificha. Nilirudi topeni kila maji yalipotoka, nikaandika ule ukurasa niliousoma mbele ya Mdachi, nikitafuta kasoro. Nikauiga na mwandiko wa Sefu, ule wa kuku, niupime na wangu. Wakataji waliacha kuniita Karani. Mmoja wao, mtu mkali asiyependa maneno, alinikuta pale, akasoma tope asilojua kulisoma, akaniambia, "Twende ukate. Maji yanarudi." Nikaenda. Nilikata vibaya, kwa hasira, nikaharibu miti mizuri. Shangazi alinilisha. Hakunipa nasaha hata moja. Kila jioni aliniwekea sahani, akaketi mbele yangu mpaka niimalize, akiongea habari za bei ya chumvi na kuku wa jirani.

Kisha mitumbwi ikaanza kuteremka kutoka bondeni. Watu waliokuja ndani yake walikuwa wembamba, wamekula mizizi ya porini, mashamba na maghala yao yamechomwa. Bi Mwana aliwapikia uji katika sufuria kubwa, akawalaza ukumbini bega kwa bega. Mmoja wao alikuwa mama wa Ngorongo, jirani ya baba mdogo, naye aliponitambua alinishika mkono akaanza kulia kabla hajasema. Nikajua. Hata hivyo nilimwacha asimulie, naye alisimulia polepole, uji ukipoa mkononi. Askari walifika asubuhi. Waliwakusanya wanaume. Mdachi alijua Kiswahili lakini wazee walimjibu Kindengereko, ama kwa hofu ama kwa ukaidi, kwa hiyo alikuwapo kijana wa kugeuza maneno. Kila mzee aliulizwa swali moja tu: umekunywa? Waliosema hapana waliwekwa upande huu. Baba mdogo, ambaye tangu nimjue hakupata kusema uongo hata kwa mzaha, alisema, "Nimekunywa." Kijana akageuza. Wakamnyonga pamoja na wengine, kwenye mti wa sokoni.

"Huyo kijana alikuwa wa wapi?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu. Aliongea kama watu wa huku kwenu. Alivaa kofia nyekundu yenye kishada."

Haya ndiyo ninayoyakiri, kwa kuwa nimeanza kuandika na sina wa kumwogopa tena. Nilipolisikia neno la kofia, moyo wangu haukwenda kwenye ule mti. Ulikwenda kwenye kofia. Niliona wivu. Mwili wa aliyenilea ulikuwa bado haujazikwa kwa heshima, na mimi nilikuwa nimeketi mbele ya mwanamke mwenye njaa, nikimwonea wivu kijana aliyekuwa amesimama chini ya mti ule na kazi yangu mikononi mwake. Wivu ulipita, na huzuni ikaja na imekaa. Lakini wivu ndio uliofika kwanza.

Sefu alirudi vita ilipokwisha, baada ya muda mrefu, bila kofia. Aliacha ukarani, akarudia kukata mikoko, akaoa. Ucheshi ulimtoka, ulibaki mdomoni tu, kama meno. Mara ya kwanza tulipokutana peke yetu tulikuwa tukipakia boriti, akasema bila kuinua kichwa, "Nilipita kwenu." Nikasema, "Najua." Akangoja. Nilitaka kumuuliza alilitamka vipi lile neno, kwa sauti kubwa au ndogo, na kama alimtambua mzee. Nilitaka kumuuliza na habari za chuo, madawati, vitanda, kama kuna dirisha, na niliona haya kwamba nataka kujua yote mawili. Nikasema, "Shika upande wako." Tukapakia. Maisha yetu yote hatukusema zaidi ya hayo. Nilipohamia Kibiti nikajifunza cherehani, akawa akiniletea kamba wakavu kila msimu, nami nikimshonea kanzu, na kila kanzu yake niliifumua na kuishona tena kuliko ya mteja yeyote.

Basi nikaenda matangani. Kutoka Kibiti mpaka maji, kisha mtumbwi. Nyumba ya Sefu ilikuwa imejaa; wanaume barazani, wanawake ndani, harufu ya wali na maharage ya nazi ya matanga. Nilipotoa salamu, mjane wake Bi Zena aliomba niingizwe ukumbini. Sikuwa nimezungumza naye sana maishani. Alikuwa ameketi amejifunika, watoto wake wakubwa wamemzunguka, na wajukuu.

"Watoto, mwamkieni babu yenu," alisema. "Huyu ndiye aliyesoma na baba yenu chuoni."

"Shikamoo, babu," wakasema wote.

Mdomo wangu ulifunguka kusahihisha. Ni tabia, siwezi kuacha kosa likipita. Lakini alikuwa akiendelea. "Vitanda vyenu vilipakana, siyo? Alikuwa akituhadithia kila mara. Akisema, mwenzangu alikuwa na mwandiko mzuri, mie wa kuku. Na ile habari ya Ngorongo, hiyo alikuwa akiisimulia mpaka analia."

"Alisimulia nini?" nikauliza.

Kijana mmoja, mwana wa kwanza wa Sefu, ndiye aliyejibu. "Kwamba mlikuwa wawili, babu. Kwamba mzee wenu aliulizwa kama amekunywa, akasema amekunywa. Baba alikuwa anataka kuligeuza neno kama lilivyo, ulimi ukakauka. Nawe ukatangulia ukamwambia Mdachi, huyu anasema hakunywa."

Nilielewa kwamba Sefu, miaka yote ile ya kukata miti kando yangu, alikuwa akiniingiza chuoni katika masimulizi yake. Alikuwa amenipa kitanda, na dawati, na kofia, akanipeleka mpaka chini ya ule mti kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumfanyia jambo ambalo yeye hakuliweza. Nilijua pia jambo ambalo Sefu hakulijua, au alilijua akanisamehe: mimi ningeligeuza neno lile kama lilivyo. Neno kwa neno, bila doa, kama nilivyomjibu yule Mdachi aliyeketi juu ya kasha.

"Ni kweli, babu?" akauliza yule kijana. "Ulisema hivyo?"

Wote walikuwa wakinitazama. Bi Zena alikuwa ameinua ushungi kidogo ili asikie vizuri.

"Kweli," nikasema. "Nilimwambia hakunywa."

"Na mzee akapona?"

"Akapona," nikasema. "Aliishi miaka mingi."